Namba ya Stars Haijachukuliwa na Mgeni

Hoja inayotawala vijiwe vya mpira Tanzania ni hii: punguzeni wachezaji wa kigeni, Taifa Stars itapona. Hurudi kila timu ya taifa inapofungwa. Utaisikia kwenye vipindi vya michezo redioni, utaisikia kwa kinyozi, na utaisikia kwa wachezaji wa zamani walioivaa jezi ya taifa, watu ambao neno lao nalipa uzito. Inajengwa hivi: kanuni zinairuhusu klabu ya Ligi Kuu kusajili wageni 12, Simba na Yanga wanazijaza nafasi hizo, mzawa anasugua benchi, kocha wa Stars akitazama huku na huku hana wa kumwita, basi tunafungwa. Dawa inayopendekezwa nayo ni fupi. Turudi kwa watano, au watatu, au tusiwe nao kabisa.

Naipinga hoja hii. Siipingi kwa kuipenda klabu yangu kuliko nchi yangu, tuhuma anayorushiwa upesi kila anayewatetea mapro, wachezaji hao wa kigeni. Naipinga kwa sababu naipenda Stars, na naona mgonjwa anapewa dawa ya maradhi asiyokuwa nayo huku yale aliyonayo yakiachwa yaendelee kumla.

Tuanze na rekodi. Stars ilicheza Fainali za Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1980, Lagos. Ilifungwa 3-1 na wenyeji Nigeria, ikafungwa 2-1 na Misri, ikatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Kikosi kile kinastahili kila heshima tunayokipa, na jina la Thuwein Waziri, aliyefunga mabao mawili kati ya matatu tuliyoyapata kule, lilipaswa kufundishwa shuleni. Lakini baada ya Lagos tulikaa miaka 39 bila kurudi. Miaka 39! Na katika sehemu kubwa ya miaka hiyo ligi yetu ilikuwa ya wazawa karibu watupu. Straika wa Simba mzawa, wa Yanga mzawa, wa Pamba ya Mwanza mzawa, wa Coastal Union ya Tanga mzawa. Kipa wa kila klabu mzawa. Namba zote zilikuwa za vijana wetu, hakuna Mkongomani wala Mburkinabe aliyezigusa, na Stars haikwenda popote.

Tulirudi lini? Tarehe 24 Machi 2019, Dar es Salaam, tulipoichapa Uganda 3-0 kwa mabao ya Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris. Kufikia hapo idadi ya mapro ilikwishapanda kutoka watano hadi saba, na ikaenda kumi. Baadaye ikafika 12. Tangu hapo tumefuzu fainali za 2019 kule Misri, za 2023 kule Ivory Coast na za 2025 kule Morocco. Fainali tatu ndani ya miaka ambayo tunaambiwa mgeni ameiua timu ya taifa. Anayesema mapro wanaiua Stars anadaiwa maelezo: imekuwaje ikae miaka 39 bila kufika walipokuwa hawapo, na ifike mara tatu walipokuja?

Najua jibu linalotolewa, na ni jibu la maana, halistahili kupitwa. Wanasema CAF iliongeza timu kutoka 16 hadi 24 kuanzia mwaka huo huo wa 2019, kwa hiyo mlango ulipanuliwa, si sisi tulioota mbavu. Sawa. Mlango ulipanuliwa, na pengine tusingefuzu 2019 bila hilo. Basi tuache kuhesabu safari, tuhesabu kilichotokea tulipofika, kwa kuwa ndani ya uwanja hakuna aliyetupanulia goli la mpinzani. Mwaka 2019 tulifungwa mechi zote tatu: 2-0 na Senegal, 3-2 na Kenya baada ya kuongoza mara mbili, 3-0 na Algeria. Hatukupata pointi hata moja. Kule Ivory Coast tulifungwa 3-0 na Morocco, kisha tukatoka 1-1 na Zambia na 0-0 na DR Congo. Kule Morocco tulifungwa 2-1 na Nigeria, tukatoka 1-1 na Uganda, tukatoka 1-1 na Tunisia, tukaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yetu, na wenyeji waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2022 wakatutoa kwa bao moja la Brahim Díaz. Bado hatujashinda mechi ya fainali hizi, na hilo linaniuma kama linavyomuuma kila mtu. Ila mstari wa rekodi unapanda. Haushuki.

Kama kuna mtu ambaye mstari huo haujamtosha, achukue mpinzani mmoja tu, Algeria. Novemba 2015 tulikwenda Blida tukamiminwa mabao 7-0. Kanuni za wakati huo ziliruhusu mapro wachache kuliko leo. Septemba 2023, ligi ikiwa imejaa mapro hadi juu, tulikwenda tena Algeria, safari hii Annaba, tukihitaji pointi moja ya kufuzu. Tukatoka 0-0. Sisemi kwamba ni mapro waliotupa sare ile. Walioipigania ni Watanzania na kocha wao. Nasema kwamba mtu anayedai mapro wanatushusha hana pa kuiweka mechi ya Annaba.

Sasa niingie kwenye kiini cha hoja yao, namba. Ligi Kuu ina timu 16. Kila mzunguko unaochezwa, wachezaji 176 wanaanza. Simba na Yanga kwa pamoja wanaanzisha 22, yaani moja ya nane. Hata tukikubali, kwa ajili ya mjadala, kwamba Kariakoo nzima imekabidhiwa kwa wageni, zinabaki nafasi 154 kila wiki kwenye timu ambazo nyingi hazina fedha za kujaza mapro 12, na katika hizo mzawa ndiye mwenye nyumba. Namba zipo. Zipo Mbeya kwa Prisons, zipo Ruangwa kwa Namungo, zipo Kigoma kwa Mashujaa, zipo Tanga, zipo Dodoma. Tunalia kwamba mzawa hana pa kucheza kwa sababu macho yetu yameganda kwenye timu mbili.

Na hizo nafasi 154 zimekwisha kutulipa, tena waziwazi. Msimu wa 2021/22 Fiston Mayele alikuwa Yanga, katika ubora ambao Afrika nzima ilikuja kuuona, na bado kiatu cha mfungaji bora hakukichukua. Kilichukuliwa na George Mpole wa Geita Gold, mabao 17 kwa 16. Mtanzania, kwenye timu ya mkoani, amempita pro aliyetisha kuliko wote. Kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho nchini msimu huo huo, Abdul Suleiman Sopu akiwa Coastal Union aliifunga Yanga mabao matatu peke yake kabla ya timu yake kupoteza kwa penalti. Msimu wa 2023/24 Stephane Aziz Ki wa Yanga alimaliza na mabao 21, na aliyekuwa nyuma yake ni Feisal Salum wa Azam, 19.

Halafu kuna Waziri Junior, ambaye kisa chake kinaifunga hoja ya wapinzani wangu kila upande. Aliwahi kusajiliwa Yanga akakosa namba. Akaondoka. Akazunguka, akafika KMC, timu ya Kinondoni ambayo mashabiki wengi hawawezi kuwataja wachezaji wake watatu, akacheza kila wiki, akafunga mabao 12 ya ligi. Juni 2024 Stars ilikwenda Ndola kucheza na Zambia, kufuzu Kombe la Dunia. Tukashinda 1-0 ugenini. Mfungaji ni Waziri Junior. Angebaki Jangwani, kwa Yanga, akisubiri zamu, nani angemwita? Alichohitaji kilikuwa dakika za kucheza, na dakika zilikuwepo, hatua chache kutoka pale ambapo wote tulikuwa tunatazama.

Ndiyo maana nasema uchungu wetu kuhusu uteuzi wa Stars umekosewa anwani. Kikosi kikitangazwa, tunahesabu wa Simba wangapi na wa Yanga wangapi. Mchezaji wa benchi la Simba akiachwa, tunauliza kocha ana chuki gani. Wa Mashujaa akiitwa, tunauliza huyu katoka wapi. Tumejenga imani kwamba mchezaji hawi mchezaji mpaka apite Msimbazi kwa Simba au Jangwani kwa Yanga, na imani hiyo inamgusa kijana mwenyewe kabla haijamgusa kocha. Anafanya vizuri miezi sita Tanga au Mbeya, dirisha la usajili linafunguliwa, wakala anampigia, ukoo mzima unamwambia asiachie, anasaini Kariakoo, anatoweka. Miaka miwili baadaye tunamkumbuka na kusema: mnaona, mapro wamemmaliza. Mapro walikuwa na kazi yao. Aliyemwambia kijana wa miaka 20 aache kucheza dakika 90 kila wiki ili akae nyuma ya watu watatu wenye uzoefu ni sisi, kwa jinsi tunavyopima thamani ya mchezaji.

Wanaovuka kizingiti hicho wakiwa tayari hawaumizwi na mgeni, wananolewa naye. Tazama beki ya Yanga: Dickson Job, Ibrahim Bacca, Bakari Mwamnyeto. Klabu iliyojaza nafasi za mapro imewategemea Watanzania katikati ya ulinzi, kwa sababu ni wazuri. Mabeki hao walikuwa wakifanya mazoezi kila asubuhi mbele ya Mayele, na baadaye mbele ya Prince Dube. Kuna zoezi gani la beki linalozidi hilo? Clement Mzize alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga wakati Mayele ndiye mfalme wa eneo la hatari. Kwa kanuni ya vijiweni angepaswa kufa kisoka. Badala yake alijifunza, akasubiri, akaingia, na bao lake dhidi ya TP Mazembe likachaguliwa na CAF kuwa bora la mwaka 2025.

Mashindano ya CHAN yaliyochezwa Agosti 2025 Kenya, Uganda na kwetu yangetosha kuufunga mjadala huu kama tungekuwa tunasikilizana. CHAN ni ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani tu. Hakuna Samatta, hakuna Msuva, hakuna Novatus, waliokuwa wakicheza nje. Ni kipimo halisi cha kile ambacho ligi yenye mapro 12 kwa kila klabu inamwachia mzawa. Tuliifunga Burkina Faso 2-0, Mauritania 1-0 na Madagascar 2-1, tukatoka 0-0 na Jamhuri ya Afrika ya Kati, tukaongoza kundi. Robo fainali tukatolewa 1-0 na Morocco, ambao ndio waliokuja kubeba kombe. Mechi tano, tumeruhusu mabao mawili. Madagascar tuliyoifunga ilifika fainali. Na kipa aliyekuwa langoni, Yakoub Suleiman, hakutoka Simba wala Yanga. Alitoka JKT Tanzania.

Niseme juu ya makipa, kwa sababu hapo wapinzani wangu wana jambo la kweli na sitaki kulikwepa. Golini anasimama mtu mmoja. Msimu wa 2024/25, Djigui Diarra akiwa Yanga na Moussa Camara akiwa Simba, makipa wawili wa Kitanzania wa kila upande waligeuka watazamaji, na kipa asiyecheza huporomoka haraka kuliko mchezaji wa ndani. Misri imezuia makipa wa kigeni kwa miaka mingi kwa sababu hiyohiyo. Ni hofu halali. Ila hata hapa dawa si ile inayotajwa. Misri yenyewe, pamoja na zuio lake, haijachukua ubingwa wa Afrika tangu 2010. Afrika Kusini haikumzuia Mganda Denis Onyango, aliyelinda lango la Mamelodi Sundowns kwa miaka mingi. Wakati huo Ronwen Williams alikuwa akicheza wiki baada ya wiki SuperSport United, na alipoiva Sundowns wakamnunua. Mwaka 2024, Ivory Coast, aliokoa penalti nne dhidi ya Cape Verde na Afrika Kusini ikarudi na medali ya shaba. Kilichomlea ni kuwepo kwa klabu ya pili na ya tatu zinazolea kipa vizuri. Yakoub alipitia njia hiyohiyo. Anayetaka Stars ipate kipa wa miaka kumi ijayo aende akaulize makipa wa timu za mikoani wananolewa na nani, na kama klabu zao zina kocha wa makipa anayelipwa.

Na kuna upande mwingine wa mjadala huu ambao hauzungumzwi, ingawa kwangu ndio unaouma zaidi. Mchezaji bora tuliyewahi kumtoa alikuwa mgeni kwenye ligi ya watu wengine. Mbwana Samatta aliondoka Simba mwaka 2011 akiwa kijana mdogo akaenda Lubumbashi. TP Mazembe ya Moïse Katumbi ilikuwa na Wazambia kina Rainford Kalaba, ilikuwa na Waghana, ilikuwa na Samatta na Thomas Ulimwengu wetu. Wakongomani wangeweza kusema, tena kwa Kiswahili kilekile tunachokisema sisi, kwamba Mtanzania huyu anamzibia mtoto wa Katanga. Wangemrudisha. Hawakumrudisha. Mwaka 2015 Mazembe walichukua Ligi ya Mabingwa Afrika, Samatta akifunga kwenye mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger, akawa mmoja wa wafungaji bora wa mashindano na mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Akaenda Genk, akawa bingwa wa Ubelgiji, akafika Aston Villa, akafunga Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi.

Je, timu ya taifa ya Congo ilikufa kwa kuwa Mazembe imejaa wageni? Mwaka huohuo wa 2015 ilishika nafasi ya tatu Afrika. Mwaka uliofuata, Kigali, ilichukua CHAN, kombe la wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa kuifunga Mali 3-0. Kwa mantiki ya vijiwe vyetu hilo halikupaswa kuwezekana.

Msuva naye aliondoka Yanga mwaka 2017 kwenda Morocco, na tangu hapo amekuwa mgeni katika ligi za watu. Ndiye aliyefunga dhidi ya Uganda 2019, dhidi ya Kenya kule Cairo, dhidi ya Zambia kule Ivory Coast, dhidi ya Guinea Novemba 2024 bao lililotupeleka fainali za 2025, na penalti dhidi ya Uganda kule Morocco. Novatus Miroshi, kijana wa Azam, amepita Israel, Ubelgiji, Ukraine na Uturuki. Uti wa mgongo wa Stars umejengwa na milango ambayo nchi nyingine ziliiacha wazi. Sioni tunavyoweza kuomba milango hiyo ibaki wazi kwa watoto wetu huku tukitaka wetu ufungwe.

Wanaofuatilia Ligi Kuu ya Uingereza, na ni wengi, wanayo mifano yao karibu. England ilikosa Kombe la Dunia 1974 na 1978, ligi yake ikiwa ya Waingereza na majirani zao. Imefika fainali mbili mfululizo za Ulaya, ile ya 2020 na ya 2024, ligi yake ikiwa imejaa mataifa yote.

Kuna wanaonijibu kwa upole: hata kama mapro hawana kosa, kuwapunguza kutadhuru nini? Kutadhuru mengi. Tanzania leo inapeleka klabu nne kwenye mashindano ya CAF. Nafasi hizo nne hatukupewa kwa hisani. Zimetokana na pointi zilizokusanywa na Simba na Yanga kwa misimu kadhaa, Yanga ikifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, Simba ikifika fainali hiyohiyo 2025, vikosi vyote viwili vikiwa mchanganyiko wa wazawa na mapro. Kwa sababu ya nafasi hizo, msimu wa 2025/26 Azam na Singida Black Stars waliingia hatua ya makundi pamoja na wakubwa wa Kariakoo. Mtanzania wa Singida akacheza mechi za Afrika, ugenini, mbele ya watu wanaomzomea kwa Kiarabu na Kifaransa. Ondoa mapro, Simba na Yanga watolewe raundi za awali miaka mitatu, nafasi nne zirudi mbili, na wa kwanza kupoteza mechi hizo ni huyo mzawa tunayesema tunamwonea huruma.

Ugonjwa wenyewe uko wapi basi? Uko kati ya miaka 15 na 21. Mwaka 2017 vijana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, walikwenda fainali za Afrika kule Gabon, wakatoka sare na Mali, wakaifunga Angola, wakapoteza kwa bao moja kwa Niger. Mwaka 2019 tuliwaandalia wenzao mashindano nyumbani Dar es Salaam, wakafungwa zote tatu lakini wakaifunga Nigeria mabao manne kwenye mechi iliyoisha 5-4. Wapo wangapi kati ya watoto wa vikosi hivyo viwili ambao leo wanacheza kila wiki popote? Wachache mno. Hawakunyang'anywa namba na Aziz Ki. Wakati wanapotea yeye hakuwa amefika. Walipotea kwenye shimo lililopo kati ya timu ya vijana na Ligi Kuu, ambako mtoto wa miaka 18 anapata mechi chache zenye maana kwa mwaka, na zinazobaki ni ndondo. Naipenda ndondo, imetupa wachezaji na itaendelea kutupa, ila mechi ya mchangani haiwezi kumfundisha beki kushikilia mstari dhidi ya Senegal.

Kwa hiyo kama tuna nguvu ya kuidai TFF na Bodi ya Ligi, na tunayo, tuidai hapa. Ligi ya vijana wa chini ya miaka 20 ichezwe msimu mzima, nyumbani na ugenini, isiwe ya wiki chache kwenye kituo kimoja. Kila klabu ya Ligi Kuu ilazimike kuwa na vijana wawili wa Kitanzania kwenye orodha ya mechi, na kocha wa makipa mwenye cheti. Ada inayolipwa kwa kila pro iende moja kwa moja kwenye ligi hiyo ya vijana, ili mgeni wa 12 amlipie mzawa wa miaka 17 nauli na viatu. Idadi ya 12 ibaki, lakini ubora upimwe: anayekuja awe amechezea timu ya taifa lake au ametoka kwenye ligi inayozidi yetu, maana pro wa kiwango cha kawaida hamfundishi mtu chochote, na wa aina hiyo wapo, tunawaona. Mkataba wa haki za matangazo uliosainiwa mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Fedha zimeingia kwenye mpira wetu kuliko wakati wowote. Tuulize ni kiasi gani cha fedha hizo kinafika kwenye uwanja wa mazoezi wa timu ya mkoani, na tuulize kwa sauti ileile tunayoitumia kulalamikia kikosi.

Nasi mashabiki tuna kazi yetu, ambayo hakuna kanuni itakayoifanya badala yetu. Kijana wa miaka 19 akipewa dakika 20 kwenye mechi ya ligi akakosa bao, jukwaa letu humzomea kabla hajarudi katikati ya uwanja, na wiki inayofuata kocha anampanga pro mwenye miaka 31 kwa sababu anataka kubaki na kazi yake. Tunadai ubingwa kila msimu, tunadai ushindi wa tano bila dhidi ya mtani, halafu jioni tunadai mzawa apewe nafasi. Kocha anasikia dai la kwanza kwa sababu ndilo linalomfukuzisha. Tukitaka asikie la pili tumvumilie mtoto anapokosea, jukwaani, mbele ya kocha, wakati matokeo bado ni sare.

Kikosi cha Stars kikitangazwa safari ijayo, nitaanza kusoma kuanzia chini, kwenye majina ya Mashujaa, Namungo, Prisons, JKT na Coastal, na nitauliza kwa kila jina: amecheza dakika ngapi msimu huu? Nawaomba wachambuzi wetu waliweke pembeni swali la yupi ni wa Simba na yupi ni wa Yanga, waanze na hilo la dakika.